Makundi ya kazi vyuoni yasiundwe wiki ya kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumzie jambo linaloonekana dogo kwa aliye nje ya chuo, lakini ambalo nimeliona likiharibu muhula mzima wa wanafunzi wengi hapa Mbeya, nalo ni namna wanafunzi wanavyochaguana kwa ajili ya kazi za kikundi.

Kila mwaka mambo huenda hivi. Mhadhiri anaingia darasani wiki ya kwanza, anatangaza kwamba kutakuwa na kazi ya kikundi, anataja idadi ya watu na kumwagiza kiongozi wa darasa akusanye majina kabla ya Ijumaa. Usiku huohuo wasapu ya darasa inafurika. Waliosoma sekondari moja wanaandikana, wanaolala chumba kimoja wanaandikana, wanaosali pamoja wanaandikana, na yeyote anayesifika kuwa "kipanga" kwa alama zake za kidato cha sita anagombewa na vikundi vitatu kwa wakati mmoja. Kufikia asubuhi nafasi zimekwisha. Anayebaki ni yule aliyechelewa kuripoti kwa sababu ada ilichelewa, au yule mwenye kitochi kisichoingia wasapu, au binti mpole aliyetoka Makete na bado hajamzoea mtu. Mwishoni mwa wiki hao hukusanywa wakawa kikundi cha mwisho, na darasa zima linajua maana ya jina hilo.

Nimefundisha kwa miaka tisa, na kwa miaka ya mwanzo nilifanya hivyohivyo. Baadaye nikadhani dawa ni kufuata orodha ya mahudhurio, yaani saba wa kwanza kikundi kimoja, saba wanaofuata kikundi kingine. Njia hiyo iliondoa aibu ya kuachwa, lakini haikuigusa kazi yenyewe. Nakumbuka kikundi kimoja kilicholeta ripoti nzuri, imefungwa vizuri, ikiwa na majina saba kwenye jalada. Siku ya kuiwasilisha, ni wawili tu walioweza kueleza takwimu zilizomo. Mmoja wao alinifuata ofisini akilia, akanieleza kwamba aliiandika karibu yote kwa usiku tatu na kulipia uchapaji kwa fedha yake ya chakula. Nilipomuuliza kwa nini hakusema mapema, alinijibu, "Mwalimu, nikiwataja, muhula ujao nani atanichukua?" Katika vyuo vyetu vingi alama 40 kati ya 100 hutokana na kazi za ndani ya muhula, na kazi ya kikundi imo humo. Wote saba walipata alama sawa, na aliyeziandika kwa kalamu nyekundu ni mimi.

Tangu siku hiyo nimefikiri sana kuhusu maana ya kumchagua mwenzako wa kazi. Sisi tuliozaliwa Rungwe tulisimuliwa desturi ya zamani ambayo sasa haipo, kwamba wavulana wa Kinyakyusa walipofika umri wa miaka 10 au 11 walijenga vibanda vyao pembezoni mwa kijiji cha baba zao, na baadaye wakaishi na rika lao mpaka utu uzima. Wengi huisimulia kama habari ya urafiki, na ni kweli kwamba ukwangala, ile raha ya kukaa na wenzako mkazungumza, ilithaminiwa mno. Lakini wavulana hao, kabla ya kujenga pamoja, walikuwa wamechunga ng'ombe wa baba zao pamoja. Kila mmoja alikuwa amekwisha kumwona mwenzake mvua ikinyesha, amemwona akisinzia ng'ombe wakiingia shambani kwa watu, amejua nani hurudi kumtafuta ndama aliyepotea na nani husingizia mguu unauma. Mwanafunzi wetu wa wiki ya kwanza hajamwona mwenzake kwenye malisho yoyote. Anachokijua ni jina, sura na mkoa.

Idadi nayo ina uzito wake. Mfaransa mmoja, Max Ringelmann, aliyekuwa mhandisi wa kilimo, aliwapima watu wakivuta kamba, na katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1913 alionyesha kwamba kadiri wavutaji wanavyoongezeka ndivyo nguvu ya kila mmoja inavyopungua, hata walipofika wanane kila mmoja alitoa takriban nusu tu ya nguvu anayoitoa akivuta peke yake. Sehemu ya upungufu huo ni kutovuta kwa pamoja, na sehemu nyingine ni uvivu wa kujificha ndani ya wengi. Watafiti wa Marekani waliolifuatilia jambo hilo mwaka 1979 na miaka iliyofuata, kwa kuwapigisha watu kelele na makofi, waliona kwamba uvivu huo hukoma mtu anapojua kuwa sauti yake inapimwa peke yake. Kikundi cha watu saba chenye alama moja kwa wote, basi, kinamkaribisha mtu ajifiche, hata kama tabia yake si mbaya.

Kwa miaka minne sasa nafanya hivi. Wiki tatu za kwanza hakuna kikundi chochote. Kila kipindi natoa kazi ya nusu saa ya kufanywa na watu wawili, na wenza hubadilika kila mara. Wiki ya nne kila mwanafunzi ananiandikia kwenye karatasi, bila mwingine kuona, majina matatu ya watu anaotaka kufanya nao kazi, na kwa kila jina aeleze jambo alilomwona akilifanya. "Ni rafiki yangu" sikubali. Anaandika pia mahali anapoishi na saa anazokuwa na nafasi, kwa maana aliyepanga Uyole na aliyepanga Iyunga hawawezi kukutana saa tatu usiku, hasa kama mmoja ni binti anayetegemea daladala. Kutokana na karatasi hizo ndipo napanga vikundi vya watu wanne, na kila ripoti lazima ionyeshe nani aliandika sehemu gani. Kwa kuwa karatasi nazisoma peke yangu, hakuna anayejua kama jina lake lilitajwa mara kumi au halikutajwa kabisa.

Ugomvi haujaisha. Mwaka jana kikundi kimoja kilivunjika katikati ya muhula, nikalazimika kuwapa kazi nyingine. Hata hivyo karatasi hizo zimenifundisha mengi, kwa sababu mara nyingi anayetajwa na wengi si "kipanga". Ni mtu ambaye, kama mwanafunzi mmoja alivyoandika, "alisema hajui, kisha kesho yake akaja amejua."

Wenzangu huniambia kwamba njia hii haiwezekani katika darasa la watu mia mbili. Ni kweli haiwezekani katika ukumbi wa mihadhara, lakini madarasa hayo hugawanywa kwa ajili ya semina, na huko kila mkufunzi ana idadi anayoweza kuimudu. Wiki chache zijazo vyuo vinafunguliwa, na wengi wetu tunaandaa ratiba za muhula. Nawaomba wahadhiri wenzangu wa Mbeya, Iringa na kwingineko wasogeze mbele tarehe ya kuunda vikundi kwa wiki tatu, na wasimtume kiongozi wa darasa kukusanya majina wakati aliyekosa nauli ya kutoka Makete bado hajaripoti.

Mhadhiri,
Mbeya