Kwa mdogo wangu uliyepiga picha Primm

Mdogo wangu,

Picha yako iliingia kwenye grupu la familia Jumapili jioni. Mama alikuwa pembeni yangu anachambua mchele. Akauliza, "Ndiyo anapoishi hapo?" Nikamwambia hapana, anapita tu na mzigo. Hakuelewa kwa nini nimeishika simu muda mrefu hivyo, natazama zile reli za bembea la kasi (roller coaster) zilizoizunguka hoteli, na lori lako limeegeshwa mbele kwenye jua. Uliandika maneno mawili tu: Bison Steve. Shangazi akajibu "Amina". Humo ndani tuko watu ishirini na tatu, na aliyejua unasema nini ni mimi peke yangu.

Nilifurahi, sikufichi. Nilitaka kukujibu palepale, nikuulize kama umefika na Goodsprings, kama ile baa ipo kweli, kama ukisimama barabarani usiku unaziona taa za Vegas kwa mbali kama tulivyokuwa tunaziona sisi. Nikaandika, nikafuta. Nimeandika na kufuta siku nne. Sasa naandika huku, maana kule kuna mama, na haya ninayotaka kukwambia mama hayajui.

Wengine mnaosoma: Fallout: New Vegas ni gemu ya kompyuta tuliyokuwa tunacheza, ilitoka Oktoba 2010, walioitengeneza ni Obsidian Entertainment. Humo dunia iliungua kwa nyuklia tarehe 23 Oktoba 2077, na wewe unaanza mwaka 2281, tarishi aliyepigwa risasi ya kichwa na kufukiwa kaburini Goodsprings kwa sababu ya kifurushi alichobeba. Roboti anakufukua, daktari anakushona, kisha unaachiwa jangwa zima la Mojave. Pesa ya huko ni vizibo vya soda. Hoteli anayoitaja mdogo wangu ni ya kwenye gemu, lakini Primm yenyewe ni mji wa kweli, uko mpakani mwa Nevada na California, na bembea lake ni la kweli.

Narudi kwako.

Ulikuwa na miaka 14 na hukuwa unasikia la mtu. Yule daktari, Doc Mitchell, alipokupa alama ugawe, Bahati ukaipa 9 na Akili ukaipa 3. Nikakwambia kaskazini hakupitiki, zunguka, shuka Primm, pita Nipton, tokea Novac. Ukanyoosha kaskazini. Wale madude wa makucha, Deathclaw, wakakuchana mpaka ukalia, na mimi nikakaa kwenye kiti nikakuvusha kwa kukuzungusha njia nzima, nikakurudishia kiti Novac. Hicho ndicho nilichokuwa nafanya, mdogo wangu. Nakuvusha, nakurudishia kiti.

Ule ulikuwa mwaka 2011, mwaka wa mgao. Umeme unaondoka asubuhi, unarudi usiku watu wameshakula. Ulijifunza kusevu kila ukivuka mlango, kwa sababu Tanesco hawagongi hodi. Ndiyo maana mafaili yako yalikuwa mengi vile. Ninayo bado. Niliyahamishia kwenye flashi kabla ile kompyuta haijafa, na nimekuwa nayahamisha toka flashi moja kwenda nyingine miaka yote hii.

Na kompyuta yenyewe unaikumbuka, ya mtumba, kioo cha chogo. Gemu ilikuwa inakwama. Ukigeuza shingo picha inabaki nyuma, ukifyatua risasi inatoka adui ameshakufikia. Tulishusha kila kitu cha kushusha, tukatoa vivuli, tukatoa majani, Mojave ikabaki kama karatasi ya kaki, na bado ikakwama. Halafu wiki moja ikaacha kukwama. Ukasema umepata njia ya kuirekebisha.

Mjusi naye unamkumbuka. Lile sanamu la dinosaria la Novac, mdomoni mwake analinda mlinzi wa mji, Boone, na bunduki yake. Sisi tulikuwa hatumwiti kwa jina lake, Dinky. Tulimwita mjusi kwa sababu ya Dada, msichana wetu wa kazi. Aliingia na chai, akasimama na sinia mkononi, akasema, "Huu mjusi wa nani tena, mbona ana meno hivyo?" Tukacheka mpaka chai ikamwagika kwenye kibodi, herufi ya E ikawa inanata toka siku hiyo. Dada aliyeifuta kwa kijiti cha kiberiti kilichozungushiwa pamba, kitufe kimoja kimoja, asiseme kitu kwa mama. Alikuwa anapenda kusimama mlangoni anatazama. Alikuwa na miaka mingapi? Kumi na tisa? Tulimwona mtu mzima.

Sasa nifike.

Ilikuwa Jumamosi. Baba alifungua bahasha ya ada akakuta imepungua laki na ishirini. Nisingependa kuyarudia yote. Lakini sebule naiona mpaka leo: ule mfuko wa Dada, ule wa shangazi kaja wenye miraba ya bluu na nyekundu, mama ameumwaga sakafuni. Khanga mbili. Kopo la mafuta ya kujipaka. Picha ya paspoti ya mtoto mdogo, sijui wa nani. Daftari alilokuwa anaandika hesabu za sokoni. Hakuna pesa. Dada amesimama kando ya meza, mikono ameifumbata mbele kama yuko kanisani, hatazami mtu.

Mama akakuita. Ulitoka chumbani na hedifoni shingoni, na redio ya New Vegas ilikuwa inasikika humo, kidogo kidogo, gitaa. Mama akakuuliza, "Leo nani kaingia chumbani kwetu?"

Ukasema, "Dada alikuwa anapiga deki."

Hukudanganya. Alikuwa anapiga deki kweli, kila Jumamosi alikuwa anapiga deki. Ulisema maneno manne ya kweli, ukarudi chumbani.

Alfajiri alipelekwa Ubungo, enzi hizo stendi iko pale bado, akapanda basi la Singida. Mshahara wa mwezi baba aliukata kufidia.

Kwa hilo ningeweza kukusamehe. Ulikuwa mtoto, baba alikuwa na mkanda, na mtoto anayeogopa mkanda atasema lolote. Nisichoweza kusahau ni kilichofuata usiku uleule, saa tano, Dada yuko jikoni amekaa kwenye ndoo anasubiri kupambazuke. Mimi niko kitandani nyuma yako. Wewe uko Novac, unafanya misheni ya Boone.

Mke wa Boone aliuzwa kwa Legion, lile jeshi linalofuga watumwa, na aliyemuuza ni mtu wa mjini humohumo. Boone anakupa bereti yake nyekundu. Mtafute aliyehusika, mlete usiku mbele ya mjusi, vaa bereti, mengine niachie mimi. Ungeweza kumchukua yeyote. Lakini wewe ulizunguka mji mzima. Uliongea na kila mtu, ukaingia mapokezi ya moteli, ukafungua sefu ya sakafuni, ukatoa ile karatasi ya mauziano. Ukanisomea kwa sauti ya chini huku unatafsiri: vizibo elfu moja kwa mwanamke, mia tano za ziada kwa mtoto aliye tumboni. Jeannie May Crawford. Ukanyamaza kidogo. Kisha ukamfuata yule bibi, ukamleta gizani, ukavaa bereti, na bunduki ikalia juu.

Ukageuka ukaniambia, "Kaka, lazima uwe na ushahidi kwanza. Usipokuwa nao unaua mtu bure."

Na Dada yuko jikoni, mdogo wangu. Ukuta mmoja.

Wiki iliyopita nimelifungua faili lile. Orodha inaonyesha bado: Novac, leveli tisa. Ukilifungua unasimama mbele ya mjusi usiku, na bereti kichwani. Nilikaa hapo sijui muda gani. Mule ndani ukiiba hata kisahani, jina lake linaandikwa kwa rangi nyekundu kabla hujakigusa, na karma, alama zako za wema, inashuka hata kama chumbani hamna mtu. Tuliwahi kubishana juu ya hilo, ulisema si haki, kama hakuna aliyeona imeshukaje.

Nataka kukushauri kama kaka yako. Kwenye safari zako ndefu hizo unywe maji, ulale, usishindane na usingizi. Na jambo lililokaa moyoni usiendeshe nalo maili elfu, linachosha kuliko barabara. Liseme. Nisingekuandikia haya kama nisingejua uzito wake, maana na mimi nimelibeba.

Kwa sababu Ijumaa, siku moja kabla, kompyuta ilikuwa inatoa mlio mpya. Nilifungua skrubu za pembeni nikatoa kava. Ndani kulikuwa na vumbi la miaka, limeganda kwenye kila waya kama sufi. Katikati ya vumbi lile kulikuwa na kadi ya video, feni yake nyeusi inang'aa, haina hata unyuzi mmoja. Stika ya duka ilikuwa haijabanduliwa, bei imeandikwa kwa kalamu: 85,000. Niliitazama. Nikarudisha kava, nikakaza skrubu zote nne.

Kwa hiyo pale sebuleni mama alipokuuliza, mimi nilikuwa nimeshafungua sefu.

Nisikilize vizuri hapa. Mimi nilikuwa na miaka 16. Ningesema nini? Ningesema, baba angekuua. Unamkumbuka baba wa miaka ile, kabla ugonjwa haujamlainisha. Nilikulinda. Mkubwa kazi yake ni kumlinda mdogo, ndivyo tulivyolelewa, na mama mwenyewe alikuwa anasema hivyo kila tukitoka nyumbani. Na nilijua watamrudishia kazi akipatikana mwingine wa kulaumiwa, nilijua wataelewa baadaye, nilikuwa nasubiri wewe useme kwanza kwa kuwa pesa uliichukua wewe. Kila siku nilikuwa nasubiri wewe useme kwanza. Mpaka baba amekufa nasubiri.

Na gemu ilikuwa haikwami tena, na tulikuwa bado hatujafika Hoover Dam, kwenye vita ya mwisho ya gemu. Hilo nalo niliseme.

Tulifika mwezi uliofuata. Unakumbuka mwisho wake, picha zinapita moja moja, kila mji na kilichoupata kutokana na uliyoyafanya. Goodsprings, Primm, Novac. Boone naye. Tulizitazama zote tumenyamaza, halafu ukasema turudie kutoka mwanzo upande wa House, yule mtawala wa Vegas, na nikakubali.

Mama mpaka leo akipata msichana wa kazi anafunga kabati na kumtajia Dada kwa jina, kwamba aliwahi kukaa hapa mtu fulani akafanya hivi. Nimekuwa nasikia jina lile likitajwa hivyo miaka yote. Wewe uko mbali, husikii. Hilo nalo linaniuma, kwamba ulipanda ndege ukaniachia hiyo sentensi niwe naisikia peke yangu.

Mwezi wa tano tulimzika yule mama wa Kimara aliyetuletea Dada. Kwenye msiba nikakutana na mdogo wake, nikamuuliza, akanipa namba. Nikapiga. Dada yuko Singida, ana watoto watatu, anauza mafuta ya alizeti kando ya barabara kuu, mabasi yakisimama anakimbilia madirishani na madumu. Sauti ni ileile. Nilipojitambulisha alikaa kimya kidogo, nikadhani atakata.

Akasema, "Hamjambo huko? Mama mzima?" Nikasema mzima. Akauliza habari za baba, nikamwambia, akatoa pole ya kweli, ndefu, akamtajia baba mema ambayo mimi niliyasahau. Kisha akauliza, "Na yule mdogo? Yule mjusi wake mlimuuaga?"

Nikasema mtandao unakatika. Nikakata mimi.

Sikumwambia, na siyo kwamba niliogopa. Naona si haki niseme peke yangu neno lililo la watu wawili. Mimi nikisema peke yangu nitakuwa nimekuchongea, na usiposema wewe nitakuwa nimekusemea. Labda nawe utaona najitetea. Nimeshasoma haya niliyoandika mara tatu na bado naona nina haki.

Namba nimekutumia pembeni, siyo kwenye grupu. Mchana anakuwa barabarani na makelele ya mabasi, hasikii. Anafunga biashara jua likizama, saa mbili usiku anakuwa nyumbani ameshawalisha watoto. Saa mbili ya huku, kwako ni saa nne asubuhi kama bado uko Nevada. Usipige ukiwa unaendesha, simamisha gari kwanza. Nipigie mimi, nitamuunganisha, halafu wewe ndiye uanze.