Majina ya waitikiaji yasipotee

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kuhusu vipindi vya zilizopendwa tunavyosikiliza redioni. Nyimbo zenyewe nazipenda, na huwapigia simu wajukuu wafungulie redio wasikie. Kinachoniuma ni hiki: mtangazaji akishamtaja kiongozi wa bendi, mpiga solo, pengine hata mpiga besi, humalizia na "waitikiaji wao" halafu anaingia kwenye matangazo ya biashara. Waitikiaji hao walikuwa na majina. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Nilianza kuimba hapa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya sabini. Bendi yetu haikuwa kubwa. Mchana tulipiga bugi kwenye kumbi za Kaloleni na Pumwani, usiku tukapiga kwenye mabaa. Mji ulikuwa umefurika wanamuziki kutoka Tanzania na Zaire, kwa sababu studio zilikuwa hapa na kiwanda cha kuchapa santuri kilikuwa hapa. Akina Kinyonga wa Simba Wanyika walitoka Tanga, baadaye wanamuziki walioanzisha Mangelepa wakaja kutoka Zaire, na River Road kila duka la santuri liliweka spika mlangoni. Sisi wasichana tulikuwepo katikati ya hayo yote, ingawa jina letu mitaani lilikuwa baya. Mwenye nyumba mmoja Shauri Moyo alitunyima chumba alipojua tunafanya kazi gani, na kodi tulikuwa nayo mkononi.

Mwaka 1974 tukaingia studio. Fundi wa mitambo alichora mistari ya chaki sakafuni: tarumbeta nyuma kabisa ukutani, magitaa katikati, mimi na mwenzangu mbele, tukigawana maikrofoni moja. Hakukuwa na mambo ya kukata na kuunga. Mtu akikosea mwishoni, nyote mnarudi mwanzo. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ilibeba dakika chache tu kila upande, kwa hivyo wimbo uligawanywa mara mbili. Upande wa kwanza ulikuwa na beti, wa pili ukawa wa magitaa na sisi kuitikia. Huo wa pili ndio watu waliouomba kumbini hadi wakachoka miguu. Na kile kiitikio tulikitunga sisi wawili ndani ya basi la KBS tukitoka mazoezini.

Nakala ninayo mpaka leo. Karatasi ya katikati ni ya buluu, imechanika kidogo karibu na tundu. Kuna jina la wimbo, jina la bendi, na jina la kiongozi kwenye mabano kama mtunzi. Basi.

Nikilalamika naambiwa ndivyo mambo yalivyokuwa zamani. Sikubali. Siti binti Saad wa Unguja alirekodi Bombay mwaka 1928, na santuri zake zilibeba jina lake. Kama mwanamke aliweza kuandikwa wakati huo, sisi wa Nairobi miaka karibu hamsini baadaye tulishindikana vipi?

Kuhusu pesa, nimeshajua msimamo wa sheria. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inampa aliyeimba au kupiga ala haki zake kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofanya kazi hiyo. Hesabu ya wimbo wetu iliisha Desemba 2024. Sitafuti malipo tena. Lakini jina halina gharama, na wanaoweza kulisema bado wako hai, ingawa tunapungua. Mwenzangu tuliyegawana maikrofoni alizikwa mwaka jana. Wasifu uliosomwa makaburini ulisema aliuza mboga na alikuwa nguzo ya kanisa lake, yote kweli. Kuimba hakukutajwa kwa neno moja. Nilipomwambia binti yake kwamba sauti ile ya juu inayosikika redioni ni ya mama yake, alinishika mkono akaniuliza mara mbili kama nina hakika.

Ninaomba KBC, shirika la utangazaji la taifa lililorithi kanda za Sauti ya Kenya, lifungue maktaba yake na kutuita tulio hai tusikilize tuseme nani ni nani. Kundi kama Ketebul Music limefanya kazi nzuri ya kuwarekodi wazee wa benga. Nawasihi wawatafute na wanawake wa nyuma ya maikrofoni. Tuko Umoja, Kayole, Kaloleni, na wengi wamerudi mashambani. Na nyinyi vijana mnaopandisha nyimbo za zamani kwenye intaneti, kabla ya kuandika jina la bendi peke yake, waulizeni nyanya zenu nani aliyeitikia. Huenda ni wao wenyewe.

Mwitikiaji wa zamani,
Kaloleni, Nairobi