Usishuke Ipogolo kwanza

Uyole, Mbeya

Rafiki yangu,

Kamwene! Barua yako nimeipata. Umesema breki za diski za baiskeli yako mpya zinalia mpaka watu wa Miyomboni hapo Iringa wanageuka, hazishiki, na unafikiria kuirudisha dukani. Subiri kidogo.

Breki hizo zikiwa mpya, pedi, yaani vile vipande vinavyobana, na diski, lile bamba la chuma kwenye gurudumu, hazijazoeana. Pedi inatakiwa iache utando mwembamba wa mabaki yake kwenye diski, mzunguko mzima. Utando huo ndio unaoipa breki nguvu. Ukikaa mabakamabaka, breki inateleza na kulia.

Tafuta barabara tambarare, asubuhi magari yakiwa machache. Endesha kama kilomita 20 kwa saa, rudisha uzito nyuma, kisha kamata breki ya mbele peke yake, ukiongeza nguvu taratibu mpaka ufikie mwendo wa kutembea. Hapo achia. Usisimame kabisa, maana pedi ya moto ikitulia juu ya diski inaacha doa, na doa hilo linaleta mtetemo. Rudia kama mara 20, halafu ufanye hivyo hivyo kwa ya nyuma. Utaisikia ikianza kung'ata. Ukimaliza usiiguse diski, inaunguza vibaya.

Sasa lile lililonikosesha usingizi: eti kijana wa dukani aliipulizia mafuta kidogo isilie. Ndugu yangu, mwaka juzi fundi mmoja wa huku alinifanyia hivyo hivyo, tena kwa nia njema. Nikaja kujua nikiwa kwenye mteremko wa kutoka Isyonje kuja Igawilo, ukungu umetanda. Nilikamata breki zote mbili kwa nguvu zangu zote na baiskeli ikazidi kwenda. Kilichoniokoa ni shamba la viazi kando ya barabara. Mpaka leo nikipita pale moyo unadunda.

Kwa hiyo kabla ya zoezi lolote, fungua magurudumu, ufute diski kwa spiriti na kitambaa kipya, si kile cha mnyororo. Hata vidole vina mafuta, shika pembeni. Toa pedi, uzisugue kwenye msasa uliolala juu ya kitu bapa mpaka mng'ao uishe. Kama mafuta yameshaingia ndani, zitupe ununue nyingine. Hapo usionee huruma hela.

Ukisikia mkwaruzo mdogo, shi... shi..., bila kushika breki, huenda kalipa, kile kibano kinachoshika pedi, haijakaa katikati. Legeza bolti zake mbili, kamata mkono wa breki, kaza ukiwa bado umeukamata. Zikilia kwenye mvua usihangaike, zikikauka zitanyamaza.

Niandikie kabla hujashuka ule mteremko wa Ipogolo, uniambie pedi umezikutaje. Wasalimie nyumbani, mama hasa.

Wako,
wa Uyole