Sheria ya cheti isiishie kwenye kivinjari

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wakuu wa ofisi za hapa Lubumbashi jambo ambalo mimi, fundi wa kompyuta, nimelikuta zaidi ya mara moja, na ambalo linanisumbua kwa sababu wenye ofisi huamini kwamba wamekwisha kujilinda.

Mwezi uliopita niliitwa katika ofisi moja inayoshughulikia karatasi za malori yanayopita mpakani Kasumbalesa. Mkurugenzi alinihakikishia kuwa hakuna awezaye kufungua mafaili yao bila cheti cha kidijitali, yaani faili la utambulisho lililowekwa ndani ya kompyuta ya kazi. Nilijaribu kwa kompyuta yangu mwenyewe, na kweli kivinjari kilikataliwa papo hapo. Kisha, kwa idhini yake, nilifungua programu ya barua pepe katika kompyuta hiyohiyo, mhasibu akaandika jina lake na neno lake la siri, na kabla hajarudi kwenye kiti chake barua za miezi mingi zilikuwa zimeanza kushuka, pamoja na ankara na namba za malori. Cheti hakikuulizwa hata mara moja.

Sababu ni kwamba sheria ilikuwa imewekwa kwenye lango la tovuti tu, huku seva ya barua, yaani kompyuta inayozihifadhi, ikiendelea kupokea programu za kompyuta kwa njia ya IMAP, ambayo programu hizo huitumia kusoma barua, na kuridhika na neno la siri. Ni kuweka mlinzi mbele ya nyumba na kuusahau mlango wa uani. Ukaguzi wa cheti unapaswa kufanyika kwenye seva, kwa kila njia inayoingia humo, na njia isiyoweza kuuliza cheti ifungwe.

Cheti chenyewe nacho kina masharti. Nguvu yake imo katika ufunguo wa siri, ambao kompyuta huutumia kutia sahihi bila kuutoa nje. Ufunguo ukitunzwa ndani ya TPM, chipu ya usalama iliyomo katika kompyuta, haunakiliki. Lakini nimeona vyeti vikizungushwa kwa flashi kutoka meza hadi meza pamoja na ufunguo wake, na hapo mfanyakazi akiacha kazi anaondoka na nakala. Seva isipokagua orodha ya vyeti vilivyobatilishwa, nakala hiyo itafanya kazi mpaka tarehe ya mwisho ifike.

Mafundi wenzangu wakumbuke pia kwamba programu hazisomi vyeti mahali pamoja. Kivinjari cha Firefox kilianza kutumia chenyewe vyeti vilivyomo katika Windows na macOS mwaka 2021, kwa toleo la 90, ilhali Thunderbird, programu ya barua pepe, ina hifadhi yake. Vilevile, kwa umeme wetu huu, betri ndogo ya saa ikiisha, kompyuta huwaka ikiwa na tarehe ya miaka ya nyuma, ikaona cheti cha seva hakijaanza kutumika, na mfanyakazi akafungiwa nje bila kosa lake. Saa irekebishwe kwanza, sheria isizimwe.

Katika ofisi ile njia ya barua ilifungwa jioni ileile. Programu ya uhasibu, inayoungana moja kwa moja na hifadhidata, bado inafunguka kwa neno la siri peke yake, na mkurugenzi ameahidi kuishughulikia kabla ya mwezi huu kwisha.

Wako,
Fundi wa kompyuta,
Kamalondo, Lubumbashi