Mdogo wangu, ulikifunga kitabu mapema

Mdogo wangu,

Marahaba, hata kama siku hizi huniamkii. Siku ile ya arobaini ulimpokonya mwanao kitabu mbele ya watu wote, ukasema mama yake mkubwa anamlisha habari za watoto wanaouana. Niliondoka bila kukujibu.

Ni kweli, katika The Hunger Games ya Suzanne Collins watoto 24 wanaingizwa uwanjani na anatakiwa kubaki mmoja. Lakini ungesoma sura ya kwanza tu ungekutana na hesabu. Mtoto akifika miaka 12 jina lake linaingia kwenye kura mara moja, akiwa na 13 mara mbili, hadi mara saba akiwa na 18. Maskini anaweza kuongeza karatasi ili apewe tessera, yaani nafaka na mafuta kidogo ya kumshikiza mtu mmoja mwaka mzima, na karatasi hizo hazifutwi, zinalimbikizwa. Katniss, msichana anayesimulia, anajichukulia yake, ya mama yake na ya mdogo wake, kwa hiyo akiwa na miaka 16 jina lake limo mara 20. La Gale, rafiki yake wa miaka 18 ambaye kwao wako watano, limo mara 42. Prim, aliyekatazwa na dada yake asichukue hata moja, ana karatasi moja tu. Ndiyo inayotoka.

Mwanao aliipiga hesabu hiyo kwa penseli pembeni ya ukurasa, akaona mwenyewe kwamba mwenye njaa ndiye anayekufa zaidi. Umemnyang'anya hiyo penseli, si damu.

Kitabu cha tatu cha mfululizo huo, Mockingjay, sikumpa, na usimpe kabla ya miaka 14. Wala asikiruke cha pili. Kinachomngoja ni sura ya 24: mabomu yanadondoka kwa parachuti katikati ya watoto, mengine yanalipuka, wauguzi wanakimbilia majeruhi, ndipo yanalipuka yaliyobaki. Mtego wa namna hiyo Gale alishaubuni pamoja na Beetee, mbunifu wa silaha, wakitegemea kwamba mtu mwenye huruma atakimbia kusaidia. Prim yumo kati ya wauguzi, hajatimiza hata miaka 14. Katniss anamtambua kwa shati lililochomoka nyuma kama mkia wa bata, vilevile lilivyochomoka siku ya kura, pale alipomwambia achomekee. Aliyekianza cha tatu bila cha kwanza, lile shati halimwambii kitu.

Gale baadaye anasema hajui kama lilikuwa bomu lake. Mimi sijamsamehe, na sitamsamehe. Unanilaumu nimekuwa mgumu, lakini wewe nani alikuchomekea shati miaka yote ile? Kama mtu anajua mtoto aanzie wapi na aishie wapi, ni mimi. Nilivisoma vyote vitatu kabla sijampa hata kimoja. Hukuniuliza.

Cha kwanza msomee kwa sauti, sura moja kwa usiku, ziko 27. Akinyamaza, nyamaza naye. Akiuliza kwa nini Katniss, wa Wilaya ya 12, ametumiwa mkate na Wilaya ya 11, mwache atafute jibu mwenyewe, yupo karibu nalo.

Kitabu kiko kwenye droo ya mama, ile ya chini. Alama iko sura ya 18, Rue, mtoto aliyeungana na Katniss uwanjani, ndiyo kwanza anafunikwa maua. Ana miaka 12, sawa na mwanao. Mrudishie, asiachwe pale.

Dada yako