Barua kutoka Coventry kuhusu nyumba ya Babu

Coventry, Uingereza

Kaka mpendwa,

Assalaam aleikum. Sisi hatujambo, na baridi tumekwisha kuizoea. Barua yako ya kuomba fedha za wakili imenifika, na kabla sijaijibu nataka nikueleze habari za Caludon, ambazo hazinitoki moyoni tangu niliposikia kwamba nyumba ya Babu imefikishwa mahakamani.

Caludon ilikuwa nyumba ya kabaila iliyozungukwa na handaki la maji, mashariki ya mji huu. Mwaka 1305 Mfalme Edward I alimpa John de Segrave kibali cha kuiwekea ngome, kisha kwa njia ya ndoa ikaangukia ukoo wa Mowbray. Inasimuliwa kwamba Thomas Mowbray aliondokea hapo mwaka 1398 kwenda uwanja wa Gosford Green kupigana na Henry Bolingbroke, aliyekuja kuwa mfalme baadaye, pambano ambalo Mfalme Richard II alilizuia dakika za mwisho na kuwafukuza wote wawili nchini. Mowbray akafia Venice mwaka uliofuata. Hayo yaliandikwa kwa kuwa yaliwagusa wafalme. Waashi waliochonga mawe na watumishi waliowasha moto jikoni hawakuandikwa na mtu, na leo pamebaki kipande kimoja cha ukuta mrefu wenye madirisha, katikati ya bustani ya watoto kuchezea. Mwambie Mama kwamba mjukuu wake ameandika insha juu ya ukuta huo, akapata tuzo ya kwanza ya historia mbele ya Waingereza wenyewe. Nililia kwa furaha.

Sasa mnaniambia kwamba Mjomba anataka kuibomoa ile nyumba ajenge maduka, nanyi mnashindania hati, ilhali hakuna hata mmoja wenu aliyekaa na Shangazi kumwuliza nani aliuchonga ule mlango, boriti zilitoka wapi, na chumba cha uani kiliongezwa kwa sababu gani. Jambo hili linaniuma kuliko hayo maneno aliyoyasema Mjomba juu yangu arusini. Ukuta wa nyumba upande wa baharini tayari unamwaga chokaa, na Shangazi naye haoni vizuri.

Fedha za chokaa na za fundi nitazituma mwisho wa mwezi, pamoja na za dawa za Shangazi. Za wakili sitatuma. Nenda kwa Shangazi Ijumaa baada ya sala, uchukue daftari, uandike kila atakachokwambia, kisha uniletee nakala.

Wasalimie wote, na umbusie Mama mkono.

Nduguyo akupendaye