Shoga yangu, poleni na msiba wa Mzee Ruksa

Shoga yangu wa Unguja,

Poleni sana na msiba wa Mzee Ruksa, Rais wetu mstaafu Ali Hassan Mwinyi. Jana nilitaka nikupigie ila nikajua mko kwenye mazishi Mangapwani na simu hazitashikika, nikaona bora nikuandikie utasoma ukitulia.

Sisi taarifa ilitukuta Alhamisi jioni tarehe 29 Februari 2024, nilikuwa bado kibandani hapa Majengo, Dodoma, namalizia sare za shule, mara yule jirani yangu wa mitumba akazima spika yake katikati ya nyimbo, unamjua anavyopiga mziki yule, nikajua kuna jambo. Kutoka nje nakuta watu wamezunguka simu ya bodaboda mmoja, Mama Samia anatangaza, Mzee Mwinyi katutoka, hospitali ya Mzena, saratani ya mapafu, miaka 98. Watu kimyaa. Jirani akakaa juu ya belo lake akasema taratibu tu, huyu mzee ndo alofanya na sisi tupate cha kuuza. Mpaka leo Jumapili spika hajaiwasha, na hakuna aliyemkataza.

Kilichoniuma mimi ni kwamba hatukumuaga. Unakumbuka Machi 2021, mwili wa Magufuli uliletwa uwanja wa Jamhuri hapa, nilitoka Makole alfajiri kwa miguu, tukasimama juani mpaka miguu ikavimba lakini roho ikaridhika. Safari hii naelewa, dini yenu haicheleweshi maiti, kafa Alhamisi Jumamosi kazikwa, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, ila moyo ulikuwa unatafuta pa kwenda. Ijumaa tukajazana kwa mama ntilie mwenye TV kubwa kuangalia anavyoagwa Uwanja wa Uhuru, Dar, jeneza lilivyoingia watu wote wakasimama, hata waliokuwa na sahani mkononi, na yule mama akazima jiko ili kelele za mafuta zisisikike. Basi ndo kuaga kwetu huko.

Sasa nikwambie ya baba. Jana jioni nimeenda kumwona, nikamkuta kavaa koti lake la kanisani, kakaa nje peke yake na redio. Akaniambia kaka yetu mkubwa alivyozaliwa sabuni hakuna kijiji kizima, mama anafua nepi kwa majivu na majani ya mpapai, mtoto matako yamechubuka analia usiku kucha. Halafu Mwinyi akaingia 85, akaruhusu bidhaa za nje ziingie, ndo hiyo ruksa yake, vitu vikaanza kurudi kidogo kidogo. Siku moja mnadani baba akakuta mtu anakata mche wa sabuni kwa uzi, akanunua vipande viwili. Anasema alitembea mpaka nyumbani anavinusa, na mama alivyopokea akavifunga kwenye kanga, siku tatu hataki kuvitumia. Shoga, baba yangu hajawahi kunisimulia hii, na nina miaka 34.

Najua yapo yanayosemwa, kwamba ruksa ilizidi, bidhaa za nje zikapiga viwanda vyetu, mi mwenyewe fundi naona vitambaa vinatoka wapi. Mjadala wake upo. Lakini kuna kitu kimoja watu huku wamekirudia sana, hata vijana ambao hawakumkuta madarakani, kwamba alivyokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani watu wakafia mikononi mwa dola kule Shinyanga, alijiuzulu. Yeye hakumgusa mtu, ila aliona wizara ni yake kwa hiyo mzigo ni wake. Halafu kuja kushika nchi baada ya Nyerere akajiita kichuguu mbele ya Mlima Kilimanjaro. Baba alicheka hapo, akanionyesha kichuguu cha nyuma ya zizi, kile unachokijua tulikuwa tunapanda utotoni, akasema kichuguu hiki nimekikuta na kitaniacha, mvua zote hizi za Ugogo hazijakiangusha.

Bendera bado nusu mlingoti, siku saba za maombolezo hazijaisha, na mvua inanyesha kila jioni, mtama umependeza.

Nina ombi, ukipata nafasi ya kwenda Mangapwani usiende kwa haraka. Ukimaliza dua yako, mwambie kuna mzee mmoja Mgogo, mkristo, anamshukuru kwa vile vipande viwili vya sabuni.

Msalimie shemeji na watoto.

Shoga yako wa Dodoma